Usaili wa Kazi Usigeuzwe Maonesho ya Mavazi

Kila msimu wa mahafali, vyuo vyetu huwaalika wataalamu wa kuwafunda wahitimu namna ya kuukabili usaili wa kazi. Mafunzo hayo nimeyasikia mara nyingi hata nimeyakariri: vaa suti, piga pasi shati, fika mapema, tabasamu, mtazame msaili machoni. Sina ugomvi na usafi wala adabu. Ugomvi wangu ni na fundisho linalopenyezwa kimyakimya ndani ya nasaha hizo, kwamba aliyekosa kazi amekosa kwa kuwa hakujua kujionesha.

Fundisho hilo ni la uongo, na lina ukatili ndani yake. Mwezi Juni 2014, maelfu ya vijana walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70. Hata kama wote wangevaa suti za aina moja na kutabasamu sawasawa, wangepata 70 tu. Kumwambia kijana aliyebaki nje kwamba tai yake ndiyo iliyomponza ni kumtwisha yeye mzigo wa uchumi usiozalisha ajira za kutosha.

Tena, hayo tunayoyaita mwonekano mzuri yana upendeleo. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu. Binti aliyelelewa hivyo akiinamisha uso mbele ya jopo, huandikiwa kwamba hajiamini. Fundi wa maji anayeweza kuifungua pampu na kuiunga upya huulizwa kwa Kiingereza ajieleze, kisha hupimwa kwa ulaini wa ulimi wake, ilhali wananchi atakaowahudumia watamweleza shida zao kwa Kiswahili. Wahenga walituonya juu ya uzuri wa mkakasi, nasi bado twachagua watumishi kwa kutazama rangi ya nje.

Utafiti nao unatuunga mkono. Mwaka 1998, Frank Schmidt na John Hunter walichapisha muhtasari wa utafiti wa miaka 85 kuhusu mbinu za kuchagua wafanyakazi. Waliona kwamba usaili uliopangwa, ambamo kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale na kupimwa kwa vigezo vilevile, hubashiri utendaji kazini vizuri zaidi kuliko mazungumzo yasiyo na mpangilio.

Je, kijana asijiandae? La hasha! Ajiandae zaidi, ila kwa mambo yenye uzito. Asome tangazo la kazi mstari kwa mstari, kwa kuwa majukumu yaliyoorodheshwa humo ndiyo chimbuko la maswali. Asome sheria iliyoiunda taasisi husika na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuihusu. Aandae mifano miwili au mitatu ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake, hata kama ni ya mafunzo kwa vitendo: tatizo lilikuwa nini, alifanya nini, likaishaje. Wasemao kizuri chajiuza hawajaketi mbele ya jopo lenye dakika chache. Mbele ya jopo, kizuri kisichoelezwa hakionekani. Tena avikague vyeti vyake mapema. Katika utumishi wa umma hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazipokelewi badala ya vyeti, na majina yanayotofautiana kati ya cheti na cheti yanaweza kumkwamisha mtu mlangoni, na umahiri wake wote usimfae kitu.

Lakini ninyi mnaoketi upande wa pili wa meza, nani anawaandaa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na inayahesabu maombi ya kazi kuwa sehemu ya ajira. Msaili anayemuuliza binti ataolewa lini anaichezea sheria hiyo. Mwanajopo anayesubiri kusikia alama za mwenyekiti ndipo aandike zake hajasaili mtu. Andikeni maswali kabla, kila mmoja atoe alama zake kabla ya majadiliano, na aliyeshindwa aelezwe alipopungukiwa.

Kijana aliyekopa nauli kutoka Songea hadi Dodoma ameshafanya sehemu yake. Anachodai ni kupimwa kwa kazi aliyoiomba. Hiyo ni haki yake, na jopo lisiloweza kumpa haki hiyo ndilo linalostahili kusailiwa kwanza.