Ati Mchezo wa Kitoto

Msomaji, huenda umepata kutengeneza gari la waya, au umepata kumtazama mwenzako akilitengeneza, kisha ukamsikia mtu mzima akisema, "Acha upuuzi huo, shika kitabu." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, na kwa muda mrefu niliyanyamazia kwa kuheshimu umri wa wasemao. Sasa nimechoka kunyamaza. Nasema kwamba wasemao hivyo wamekosea, na kosa lao si dogo, kwa kuwa huufunga mkono wa mtoto kabla haujaijua kazi yake.

Lililonitoa katika kimya ni jambo nililoliona Ewuaso Kedong, katika Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara itokayo Ngong kuteremkia Suswa. Mvulana wa miaka kama 12 alikuwa na Land Rover ya waya. Bodi yake ilikuwa ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa na kunyoshwa. Magurudumu yalikatwa katika soli ya kandambili kuukuu. Juu ya paa palikuwa na kerieri, na juu ya kerieri gurudumu la akiba. Fimbo ndefu ya waya ilisimama nyuma, na mwishoni mwake usukani. Ukiuzungusha, magurudumu ya mbele yaligeuka pamoja, kulia na kushoto, kama yapasavyo. Wakati mwenyewe akinionyesha kazi yake, mbuzi wake wawili waliingia katika shamba la mtu. Mzee wake akaja kwa ghadhabu, akalikanyaga gari lile mpaka likawa bapa. Mvulana hakulia. Aliwafuata mbuzi kwanza, akawarudisha. Kisha akainama, akaokota waya mmoja mmoja, akaanza kuunyosha kwa meno.

Sitamtetea kwa habari ya mbuzi. Mchungaji aliyesahau mifugo yake amekosa, na shamba la jirani si mahali pa kulishia. Lakini nauliza: gari lilikuwa limekosa nini? Kama angekuwa anasoma kitabu mbuzi wakapotea, je, kitabu kingekanyagwa?

Tulitazame gari lile kwa haki, maana aliyelikanyaga hakulitazama. Land Rover za zamani zenye chesisi ndefu zina inchi 109 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani karibu sentimita 277. Nilikuwa na rula, nami nilikuwa nimelipima gari la mvulana kabla ya mkasa: lilikuwa na sentimita 28 kasoro kidogo. Yeye hakuwa na rula. Alikuwa amepima kwa kamba gari la kweli lililoegeshwa dukani, akaikunja kamba ile mara mbili, kisha kila nusu akaigawa sehemu tano. Msomaji, hiyo ndiyo hesabu ya uwiano, moja kwa kumi, ambayo wewe hufundishwa ubaoni na huenda ukaisahau baada ya mtihani. Yeye hataisahau, kwa sababu angekosea gari lingekwenda mshazari.

Hesabu hiyo ina siri ndani yake. Ukipunguza urefu mara 10, eneo la bati hupungua mara 100, na uzito hupungua mara 1,000. Gari la kilo 1,500 likipunguzwa hivyo kwa vyuma vile vile litakuwa na kilo moja na nusu tu. Nguvu ya nondo hufuata unene wake ulivyokatwa, nayo imepungua mara 100, si mara 1,000. Basi gari dogo lina nguvu mara 10 zaidi kwa uzito linaoubeba. Ndiyo maana likianguka kutoka mezani huokotwa likaendelea na safari, hali gari la kweli likianguka kutoka kimo kilicholingana na ukubwa wake lingeharibika vibaya. Na ndiyo maana mtu hawezi kuchukua umbo la kitu kidogo akalikuza ovyo akatumaini litasimama. Mjenzi wa daraja hulijua jambo hili. Mtoto aliyejenga magari matano makubwa kwa madogo hulihisi mikononi kabla hajalijua jina lake.

Wako wasemao kwamba mchezo huu ni wa kigeni, haukuwa katika mila zetu. Ajabu ya maneno hayo ni kwamba husemwa Kajiado! Watoto wa Kimaasai tangu zamani huokota vijiwe, wakaviita ng'ombe, wakavijengea boma la vijiti, wakatenga ndama na mama zao. Sijasikia mzee aliyeviita vijiwe hivyo upuuzi, kwa kuwa kila mzee ajua kwamba mtoto yule anajifunza ufugaji. Huko pwani nako watoto huchonga ngalawa ndogo, wakazitia tanga, wakazishindanisha majini, na hakuna nahodha azichekaye. Basi kwa nini mtoto aigaye ng'ombe awe mwenye akili, na mtoto aigaye gari awe mpumbavu? Gari nalo limo katika nchi yake. Hulipisha njia akipeleka mifugo majini. Reli mpya ya kwenda Naivasha, iliyofunguliwa mwaka 2019, imepita katika nchi hizo hizo. Mtoto huiga kinachomzunguka, na sisi wazima ndio tuliomzungushia vitu hivyo.

Kwingineko duniani mchezo huu haukudharauliwa. Huko Uingereza, fundi aitwaye Jack Odell alimtengenezea binti yake mashine ndogo ya kushindilia barabara, kwa kuwa shule ya binti huyo iliruhusu tu vitu vya kuchezea vinavyoingia katika kisanduku cha kiberiti. Kutokana na kitu hicho yakazaliwa magari ya Matchbox mwaka 1953. Huko Marekani, kampuni ya Fisher Body, tawi la General Motors, ilianza mwaka 1930 shindano la vijana wachonga vielelezo. Kwanza walichonga magari ya farasi, baadaye motokaa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, na washindi walilipiwa masomo ya chuo kikuu. Shindano hilo liliendelea hadi 1968, na baadhi ya vijana wale wakawa wasanifu wa magari hasa. Sisi hukutana mikutanoni tukaulizana kwa huzuni kwa nini hatuundi magari. Kenya ilijaribu: Nyayo Pioneer lilianzishwa mwaka 1986, likaonyeshwa mwaka 1990, lisifike sokoni. Sisemi kwamba waya na mikebe ingeliokoa. Fedha na viwanda ni habari nyingine, tena nzito. Nasema tu kwamba nchi haiwezi kukanyaga magari ya watoto wake asubuhi, na jioni ikalia kuwa haina mafundi.

Ipo hoja moja ya wapinzani ambayo ni ya kweli, nami sitaikwepa. Waya hutoka wapi? Mara nyingine hutoka katika ua wa jirani, na ua uliokatwa ni ng'ombe waliopotea. Huo ni wizi, na uzuri wa gari hauutakasi. Lakini dawa yake ni rahisi kuliko fimbo: shule iweke sanduku la mabaki, waya wa vibanio vya nguo, mikebe, vizibo, mipira ya baiskeli iliyotoboka, na koleo mbili au tatu za kuazimwa. Ukimnyima mtoto waya wa halali na mkono wake unawasha, umemwonyesha njia ya ua.

Wala adui si wazee peke yao. Mtaala wa umilisi, ulioanza kuingizwa shuleni kwa majaribio mwaka 2017, umeagiza kazi za mikono, nami niliufurahia. Kumbe katika nyumba nyingi kazi hiyo hufanywa na mzazi usiku wa manane, au hununuliwa ikiwa imekwisha tengenezwa, na mwalimu akaitia alama akijua. Hilo ni baya kuliko kukanyaga. Kwa maana aliyekanyagiwa gari ana hasira, na hasira hujenga la pili, bali aliyenunuliwa gari hana kitu. Na wavulana waniwie radhi: nimewakuta wakiwafukuza dada zao kwenye waya, ati hiyo si kazi ya wasichana. Mkono ushonao shanga za Kimaasai kwa hesabu ya rangi, pasipo kukosea hata moja, utashindwaje na mkebe?

Iwapo wakwambia kwamba gari la mabaki si gari, mtaje Joginder Singh. Mwaka 1965 alishinda mbio za Safari kwa Volvo iliyokwisha tumika, aliyoifanyia matengenezo mwenyewe pamoja na nduguye; akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Mbio hizo ziliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, moja ya hatua zake iliitwa Kedong.

Nawe ukitaka kuanza, usianze na rangi wala taa za tochi, ingawa najua hizo ndizo zikutamanishazo. Tafuta gari lililoegeshwa. Omba ruhusa kwa dereva, maana madereva hawapendi watoto wanaozungukazunguka magurudumu yao. Chukua kamba, pima kwanza toka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, ufunge fundo. Kisha pima upana, ufunge fundo la pili. Kunja, gawa, ndipo uukate waya. Na kama una mbuzi, mwachie mwenzako zamu kabla hujainama.