Kasongo: bei ya hoteli iandikwe mlangoni

Msafiri anayetoka Kindu kwa pikipiki anafika Kasongo akiwa amekula vumbi ya zaidi ya kilomita 200. Anaomba chumba. Anatajiwa bei kwa dola, tena anapashwa kulipa mbele. Kisha kulipa ndipo anajua mengine: jenereta inazimwa mapema, bomba liko ukutani lakini maji yako ndani ya bidoni, chandarua kina matundu. Akiuliza, anajibiwa: "Hapa ni Kasongo."

Jibu hilo linauonea mji. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip katika karne ya 19, na misafara ilipita hapa mwaka kwa mwaka. Kupokea mgeni si kazi mpya kwa watu wa hapa.

Ni kweli, wenye hoteli wana mzigo. Esanse inatoka mbali, na kila mvua ikiharibu barabara bei yake inapanda. Saruji, mabati na magodoro ni vilevile. Hakuna anayewaomba wafanye kazi kwa hasara. Lakini anayelipa bei ya jenereta na kulala gizani amelipia nini? Hoteli ya kundi kubwa inauza kitanda pamoja na moto, maji na ulinzi. Hapa kitanda peke yake kinataka bei ya vyote.

Sababu nyingine haisemwi sana. Wafanyakazi wa mashirika wanapofika kusaidia wahami, malazi yao yanalipwa na ofisi. Wengi hawabishani. Wao wanaondoka, lakini bei waliyoikubali inabaki.

Anayeumia ni mwingine. Mama aliyekimbia vita vya Salamabila, mwenye kuleta mtoto mgonjwa mjini Kasongo bila kuwa na ndugu hapa, anakutana na bei ileile. Chumba kikiombwa dola 20, siku saba ni dola 140. Feza hiyo ni chakula na dawa za jamaa nzima. Wakati huohuo, jamaa nyingi za Kasongo na Kabambare zinapokea wahami ndani ya nyumba zao ndogo bila kuomba kitu. Mwenye chumba kimoja anagawa, mwenye vyumba kumi anapandisha bei. Hapo kuna aibu kidogo.

Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani inamwachia mfanyabiashara kupanga bei yake. Lakini uhuru huo unaenda pamoja na wajibu wa kuionyesha bei kwa watu. Bei inayobadilika kufatana na viatu vya mgeni haina uhuru wowote ndani yake.

Kwa hiyo mambo manne yanawezekana bila kungoja barabara itengenezwe. Kwanza, bei iandikwe mlangoni, kwa faranga za Kongo pia. Pili, mgeni aambiwe kabla ya kulipa saa za moto na hali ya maji. Moto ukikosa, bei ipunguzwe. Tatu, kuwe na bei ya chini kwa mhami anayeuguza mtu, hata kama ni kwa vyumba viwili tu. Nne, mashirika yaulize bei ya wenyeji na yakatae kulipa zaidi, kwa maana feza yao inawafungia mlango walewale waliokuja kuwasaidia.

Wenye mamlaka ya wilaya, wanaopita kukusanya kodi kwenye hoteli hizo, wanaweza siku hiyohiyo kutazama kama bei imebandikwa.

Wenye hoteli nao wafikiri faida yao. Mgeni aliyelala vizuri anarudi na wenzake. Aliyelala gizani kwa bei ya mwangaza anaenda kusimulia Kindu, na safari ijayo anatafuta nyumba ya rafiki.