Maji ya Arusha Hayachemki kwa Nyuzi 100

Vitabu vya fizikia vinafundisha kwamba maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Mjini Arusha, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Kitabu hakijakosea, kwa kuwa kinazungumzia usawa wa bahari, ambako hewa huyagandamiza maji kwa nguvu zaidi. Kipimajoto nacho hakijakosea. Swali ni hili: mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekiona kipimajoto kikigoma kwenye 95, ataandika nini katika daftari lake?

Wengi wataandika 100. Nakutana nao baadaye chuoni: vijana wenye akili, wanaoweza kukariri kanuni ya Ohm bila kumeza mate, lakini ambao hawajawahi kushika ammita hadi majuma machache kabla ya mtihani wa taifa. Wamefunzwa kwamba jibu sahihi huwa tayari limekwisha kuandikwa mahali fulani, na kwamba kazi ya kipimo ni kulithibitisha.

Hili si suala la walimu wa fizikia peke yao. Mtoto anayefuta 95 na kuandika 100 ndiye ofisa wa kesho atakayeandika "mradi umekamilika" bila kukanyaga eneo la mradi. Jamii inayoamini karatasi kuliko macho yake haiwezi kumwajibisha mtu yeyote.

Nchi hii ina mfano wake mkubwa. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliona kwamba maziwa aliyoyaweka kwenye jokofu yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huku wenzake wakimcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam na kuagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao, na dunia ikaanza kuliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu lini hutokea, na hata kama hutokea kweli. Ubishi huo haumpunguzii Mpemba hadhi. Alichokiona hakikulingana na alichofundishwa, naye akakataa kukifuta.

Je, tumewajengea akina Mpemba wa leo mazingira bora zaidi? Majengo tumejenga. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi walichangishwa, wengine kwa manung'uniko, na kuta zikasimama. Lakini maabara ni kazi inayofanyika ndani yake, na pale ambapo vifaa ni vichache na mwalimu mmoja anabeba mikondo minne, chumba hicho hubaki kuwa darasa lenye sinki.

Hapo ndipo teknolojia inapoingia, na hapo ndipo tunapaswa kuwa waangalifu. Zipo programu nzuri za kuigiza majaribio kwenye kompyuta. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoasisiwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel, hutolewa bure, na baadhi ya majaribio yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Zitumike. Hata hivyo, kompyuta huonesha kile ilichoelekezwa kuonesha. Haiwezi kumshangaza mwanafunzi kama sufuria inavyoweza. Shule itakayonunua projekta na kuliacha jiko itakuwa imebadilisha ubao tu.

Teknolojia ninayoitetea ni ile inayompa mtoto kipimo. Simu janja ina vihisi vya mwendo, sauti na mwanga, na baadhi zina kihisi cha mgandamizo wa hewa. Programu ya phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, huvigeuza vihisi hivyo kuwa vifaa vya maabara. Ni ya bure na haihitaji intaneti wakati wa kupima. Kanuni haziruhusu mwanafunzi kuja na simu shuleni, nami sizipingi. Simu moja ya shule, inayotunzwa na mwalimu, inatosha kundi zima.

Tena sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tuna maabara ambayo hakuna bajeti ingeweza kuijenga. Usa River iko chini ya mji wa Arusha kwa takriban mita 200. Ilboru iko juu ya mji. Kila mita 100 tunazopanda, mgandamizo hupungua kwa karibu kilopaskali moja, na maji huchemka mapema kwa takriban theluthi moja ya nyuzi. Shule za maeneo hayo zichemshe maji siku moja, kwa vipimajoto vilivyolinganishwa kwanza, zipime mgandamizo kwa simu, kisha zipeleke majibu kwenye grafu moja. Mstari huo ukirefushwa hadi kileleni, mita 4,566, wanafunzi watabashiri kwamba huko maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi. Pia wataelewa kwa nini makande ya juu mlimani huchelewa kuiva kuliko ya Dar es Salaam.

Nitaambiwa muda hautoshi na mtaala ni mrefu. Ni kweli mwalimu hufundisha kile kinachotahiniwa. Kwa hiyo mzigo huu si wake peke yake. Baraza la Mitihani liweke maswali yanayompa alama mwanafunzi aliyeeleza kwa nini kipimo chake kinatofautiana na kitabu, badala ya kumwadhibu. Halmashauri ziulize maabara ilitumika mara ngapi, si kama ina paa. Na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru pamoja na Chuo cha Ufundi Arusha, ambazo wanafunzi wa sekondari huzipita kwa daladala, zifungue milango kwao walau Jumamosi moja kwa mwezi.

Gharama ya kuanza ni sufuria, kipimajoto, jiko na simu moja. Kilichobaki ni sisi watu wazima kukubali kwamba siku moja mtoto atatuletea 95, nasi tutalazimika kumsikiliza.