Bodaboda wavae buti la ngozi, na walitunze

Kila ajali za bodaboda zinapojadiliwa Uganda, mjadala huanzia kichwani na kuishia hapo hapo. Sheria inamtaka dereva na abiria wake wavae helmeti, polisi wanaikagua, redio zinaihimiza. Ni sawa iwe hivyo, maana jeraha la kichwa huua upesi. Lakini tazama miguu ya madereva kwenye steji za kutoka Jinja mjini hadi Budondo: kandambili, makatambuga ya tairi, raba zilizochakaa, na mvua ikinyesha, gambuti. Mguu umeachwa ujitetee wenyewe. Hoja yangu ni kwamba buti la ngozi linalofunika kifundo cha mguu lihesabiwe kuwa kifaa cha kazi ya bodaboda, bega kwa bega na helmeti, na kwamba mtu wa kipato kidogo ataweza kulimudu akijua kulitunza.

Polisi ya Uganda ilihesabu vifo 4,806 vya barabarani mwaka 2023, na wapanda pikipiki pamoja na waenda kwa miguu walikuwa sehemu kubwa ya waliokufa. Takwimu za vifo, hata hivyo, hazisemi habari ya waliobaki hai na mguu mbovu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu Hospitali ya Mulago ulionyesha kuwa gharama ya kuwatibu majeruhi wa bodaboda ilifikia asilimia 62.5 ya bajeti ya idara ya upasuaji, na miguu ilikuwa miongoni mwa viungo vilivyoumia zaidi. Sababu iko wazi. Pikipiki ikianguka hulala ubavu, na mguu wa dereva hubaki kati ya chuma na barabara. Budondo, mashariki mwa Nile, barabara nyingi ni za moramu: kiangazi zina vumbi na kokoto zinazoteleza, masika zina matope, na malori ya miwa hayampi bodaboda nafasi kubwa. Kyabirwa kuna kituo cha upasuaji kilichofunguliwa mwaka 2019, lakini kilijengwa kwa ajili ya wagonjwa wanaopasuliwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Aliyevunjika mguu ni wa kukimbizwa hospitali ya rufaa ya Jinja. Wakati kidonda kilichoingia udongo kinauguzwa kwa majuma, mwenye pikipiki anaendelea kudai hesabu yake.

Je, buti linasaidia kweli? Watafiti wa Australia waliwafuatilia wapanda pikipiki 212 waliopata ajali, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011. Waliovaa mabuti, hata yale ya kawaida yasiyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki, walikuwa na hatari ya kuumia nyayo au kifundo cha mguu iliyo chini kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na waliovaa viatu vifupi au raba. Kwetu matokeo haya ni muhimu, kwa sababu dereva wa Budondo halazimiki kuagiza buti la mashindano kutoka Ulaya. Hata hivyo, kipimo cha Ulaya cha viatu vya pikipiki, EN 13634, kinatufundisha la kutafuta sokoni: kimo cha kiatu, uwezo wa kustahimili msuguano, uwezo wa kustahimili kukatwa, na soli isiyojikunja inapobanwa kutoka pembeni. Buti la kazi la ngozi nene, lenye kamba na soli iliyoshonwa, lina sehemu kubwa ya sifa hizo. Halitazuia kila mfupa kuvunjika. Lori likikupanda, hakuna ngozi itakayokuokoa. Litapunguza michubuko, mikato, kuteguka kwa kifundo na kuungua kwa ekzosi, na haya ndiyo majeraha ya kila siku.

Wapo watakaosema gambuti linatosha, ni rahisi na halipitishi maji. Ni kweli kwa shamba na matope, lakini gambuti halikazwi kwenye kifundo, huchomoka mtu anapoburutwa, na likigusa ekzosi huyeyuka. Wengine watasema buti lina joto. Lina joto, naam, ila ngozi halisi hupumua kuliko mpira, na soksi ya pamba hunyonya jasho. Pingamizi zito ni bei. Anayepata fedha ya kula leo hawezi kuambiwa anunue kiatu cha bei ya ndala nyingi kwa pamoja, kisha tumwite mzembe akishindwa. Ila bei ya kiatu igawanywe kwa miaka ya kuvaliwa, na hapo ndipo utunzaji unapoingia.

Ngozi hudumu kwa mafuta yaliyomo kati ya nyuzi zake. Vumbi la moramu hunyonya mafuta hayo na kusaga nyuzi kila mguu unapojikunja, kwa hiyo kazi ya kwanza jioni ni brashi, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo. Sabuni ya unga huondoa uchafu pamoja na uhai wa ngozi. Buti lililolowa lijazwe magazeti, likauke kivulini. Juani au kando ya jiko ngozi hukakamaa na kupasuka. Likikauka, lipakwe mafuta ya ngozi au nta ya nyuki, hasa kwenye mikunjo na mishono. Kiwi hung'arisha, lakini peke yake hailishi ngozi. Oili chafu ya injini isikaribie kabisa, huharibu gundi na nyuzi. Juu ya buti la kushoto, mahali gia inaposugua, fundi viatu ashone kipande cha ngozi kabla ya tundu kutokea, na soli ibadilishwe kabla uzi haujaachia. Aliyeko Mbale, anayebeba watu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, atahitaji kurudia kupaka mafuta mara nyingi zaidi, kwa sababu ya mvua.

Ngozi yenyewe hatuna haja ya kuitafuta mbali. Jinja ina viwanda vya kusindika ngozi, lakini sehemu kubwa ya ngozi ya Uganda huuzwa nje ikiwa imesindikwa hatua ya kwanza tu. Moshi, kiwanda cha Karanga kinachomilikiwa na Magereza ya Tanzania pamoja na mfuko wa pensheni wa PSSSF hutengeneza mabuti. Limuru, Kenya, Bata imeshona viatu kwa miongo mingi. Ufundi upo katika ukanda wetu. Kinachokosekana ni mnunuzi wa uhakika, na maelfu ya bodaboda wakinunua kwa pamoja kupitia vyama vyao vya akiba ndio mnunuzi huyo. Kampuni zinazokopesha pikipiki nazo ziweke buti ndani ya mkopo, lilipwe kidogo kidogo pamoja na pikipiki yenyewe, kwani mkopaji aliyelazwa wodini halipi. Wanaodhani abiria hajali mavazi ya dereva waikumbuke kampuni ya bodaboda ya SafeBoda, iliyoanza Kampala mwaka 2014 na kuifanya helmeti kuwa sehemu ya jina lake sokoni. Viongozi wa steji wanaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya: anayeendesha na kandambili asipewe zamu. Dereva haendeshi pikipiki bila kuweka oili, kwa kuwa anajua injini itakufa. Mguu wake nao ni mtaji wa kazi hiyo, na hauna spea.