Sinema ya makampuni ifike vijijini





Wakati wa likizo nilikuwa Dar es Salaam kwa ndugu yangu. Nikasikia kwamba katika chuo kikuu kimoja itaonyeshwa sinema, bila kiingilio, na baadaye watu watajadiliana. Nikaenda. Sinema hiyo ni "The Corporation", iliyotengenezwa Kanada na kutolewa mwaka 2003. Si ya kuigiza. Inaeleza mambo ya kweli juu ya makampuni makubwa na nguvu zao.

Lililonishika zaidi ni hili: kisheria kampuni ni mtu. Inamiliki mali, inakopa, inashtaki na kushtakiwa. Majaji wa juu wa Uingereza waliamua mwaka 1896, katika kesi ya Salomon, kwamba kampuni ni mtu mbali na wenye kampuni, na sheria zetu zinafuata njia hiyo hiyo. Lakini ni mtu gani huyu? Hana uso, hazeeki, haoni haya, na kazi yake ya kwanza ni kuwatafutia faida wenye hisa. Sinema inampima tabia kama daktari wa akili anavyompima mgonjwa, na kumkuta na dalili za mtu asiye na huruma.

Tulionyeshwa pia mji wa Cochabamba, nchini Bolivia. Mwaka 1999 maji ya mji yalikabidhiwa kampuni iliyoongozwa na wageni. Bei ikapanda, wananchi wakaingia barabarani, na Aprili 2000 serikali ikavunja mkataba.

Nikitazama hayo nilikumbuka kijiji chetu. Miaka michache iliyopita alikuja mwekezaji kutafuta shamba. Bwana aliyetumwa alikuwa mpole, akawaamkia wazee kwa heshima, akaahidi madarasa mawili na kisima. Tukapiga makofi na kunyoosha mikono. Leo shamba lile liko kwa kampuni nyingine. Kamati ya shule iliponituma kuulizia madarasa, nilijibiwa kwa adabu kwamba katika karatasi walizokabidhiwa hakuna habari ya madarasa. Nikaenda kupekua muhtasari wa mkutano. Ni kweli, hamna. Na muhtasari ule niliuandika mimi, kwa kuombwa na Mtendaji. Niliona kwamba ahadi ya mtu mzima mbele ya kadamnasi haihitaji wino. Watoto wa darasa la tatu wanasomea chini ya mwembe mpaka leo.

Huenda yule bwana hakutudanganya. Kosa letu ni kudhani kwamba tuliyekubaliana naye ni yeye. Yeye alikuwa mtumishi tu, akaenda zake. Tuliyekubaliana naye hana masikio ya kusikia makofi wala macho ya kuona mwembe. Anachokijua ni kilichoandikwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetupa sauti. Ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa, ikiwa haizidi hekta 250, ni mkutano wa kijiji unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo Waziri ndiye anayeamua. Basi mkono wa mkulima una uzito mkubwa. Lakini waliokaa ukumbini siku ile ni wasomi, na mjadala ulikwenda kwa Kiingereza. Wanaonyoosha mikono hawakuwapo. Kwao hata sinema ya bure iko mbali.

Kwa hiyo natoa rai mbili. Kwanza, vyuo vyetu viziwekee sinema kama hizi maelezo ya Kiswahili na kuzipeleka vijijini, kama yalivyofanya magari ya sinema ambayo wazee wetu hutusimulia. Mjadala ufanyike pale pale uwanjani. Pili, kila ahadi ya mwekezaji iingie katika mkataba, pamoja na tarehe ya kuitimiza, na usomwe kwa Kiswahili kabla mikono haijanyooshwa.

Sisemi wawekezaji wafukuzwe. Nasema tumjue tunayefanya naye biashara. Ahadi ni deni, lakini kwa mtu wa namna hii deni ni lile lililoandikwa. Nami, mwalimu wa kuandika, ndiye niliyesahau kuandika.

Mwalimu wa Kijijini,
Morogoro.