Paka wa Mtaani: Gunia, Sumu au Kufunga Kizazi?



Baada ya darasa la akina mama, mmoja wao alibaki nyuma akatuuliza suala lililomkosesha raha. Paka wa uani kwake, huko Mji wa Kale Mombasa, alikuwa amezaa mara ya tatu katika mwaka mmoja. Watoto wa mzao wa kwanza waligawiwa majirani. Wa mzao wa pili walitiwa guniani, na mwanawe mdogo akatumwa kuwatupa sokoni usiku. Mtoto alirudi akilia, na tangu hapo akimwona paka huinamisha uso. Daktari wa mifugo amemshauri mama huyu amfungishe paka kizazi, lakini jirani amemwambia kuwa hiyo ni haramu. Afanyeje?

Tuanze na lisilo na shaka. Abu Qatada, sahaba wa Mtume (s.a.w.), aliwekewa maji ya kutawadhia na Kabsha binti Kaab, mke wa mwanawe. Paka akaja, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha alipostaajabu, Abu Qatada alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Basi kutupa vichanga vya paka guniani, au kuwatilia sumu paka wazima, ni dhambi iliyo wazi, hata kama mtaa mzima umezoea.

Ama kufunga kizazi, wanazuoni wamekhitalifiana. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi ameeleza kuwa kumhasi mnyama asiyeliwa hakufai. Wanazuoni wa Hanafi wameruhusu kumhasi paka ikiwa pana manufaa au madhara ya kuondolewa. Katika zama zetu, Sheikh Ibn Uthaymin alitoa fatwa kwamba paka wakikithiri wakaudhi, na upasuaji usiwadhuru, hapana ubaya, kwa kuwa hilo ni bora kuliko kuwaua. Na wasipoudhi, huenda ni heri kuwaacha wazae.

Sisi twaelemea kauli hii ya mwisho. Zama za kale mnyama alihasiwa akiwa macho, kwa kisu au kwa kupondwa. Leo daktari humtia dawa ya usingizi, akampasua, akamshona na kumpa dawa ya maumivu. Hata hivyo, anayeshika kauli ya Imamu Nawawi tusimlaumu. Ila naye ajue kuwa kauli hiyo haimpi ruhusa ya gunia. Aliyekataza paka asifungwe kizazi amejitwika kuwalisha watakaozaliwa.

Na watakaozaliwa si wachache. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano. Hubeba mimba kwa takriban miezi miwili, huzaa watatu hadi watano, na huweza kushika tena angali akinyonyesha. Kuwaua au kuwahamisha hakumalizi jambo, kwa maana mahali penye mabaki ya samaki na jaa la taka, paka wengine huja kujaza nafasi. Na wakitoweka wote, wahenga walikwisha kusema: paka akiondoka, panya hutawala. Lakini paka waliofungwa kizazi wakirudishwa pale pale, hulinda mahali pao, hawazai, na madume hupunguza kupigana na kulia usiku. Daktari humkata kidogo ncha ya sikio angali usingizini, ili ajulikane asikamatwe tena.

Jambo hili halifai kufanywa na nyumba moja. Akifungwa paka mmoja na kumi wakaachwa, mtaa hautaona tofauti. Akina mama wa mtaa mmoja na wahesabu paka wao, wachange kidogo kidogo, wamwite daktari aliyesomea kazi hiyo, si fundi wa kubahatisha. Siku hiyo hiyo paka wachanjwe kichaa cha mbwa, maana paka nao huambukiza. Kisha wahifadhiwe ndani, mahali pakavu, mpaka daktari aridhike na kidonda. Na taka za jikoni zifunikwe.

Mama yetu, mzao huu wa tatu uache unyonye mpaka uweze kula wenyewe, kisha umpeleke mama yao kwa daktari. Mchukue na mwanao. Mikono iliyobeba gunia ndiyo ibebe kikapu, na yeye ndiye amwekee paka maji atakapozinduka. Mtoto akitumwa jambo la ukatili na mzazi wake, sisi wazazi ndio tutakaoulizwa.

Wabillahi tawfiq. Wallahu a'lam.