Mashini ikikosa mara moja tu, usiseme imepona

Ndugu mfanyakazi, mara ngapi umesikia maneno haya kazini: «Mafundi wamejaribu mashini, hawakuona kosa. Rudi kwenye kazi»? Mkanda wa mawe ulisimama peke yake, kisha ukaondoka tena peke yake. Pampu ilikataa usiku, asubuhi inazunguka sawasawa. Kapita anaandika katika kitabu: «Hakuna kosa.» Kila mtu anafurahi, na kazi inaendelea.

Sisi wa ukurasa huu tunasema kwamba maneno hayo ni ya hatari. Kosa lililojificha si kosa lililokwisha. Na leo ni hatari kuliko zamani, kwa sababu kompyuta imeingia katika kazi ya mgodi. Inaendesha pampu, mikanda na mashini za kuvuta hewa. Kompyuta ina aina ya kosa ambayo chuma peke yake haina sana. Wenye kazi hiyo huiita kosa la mbio: kazi mbili zinakwenda wakati mmoja, na matokeo yanategemea ipi imetangulia.

Mama wa nyumbani ataelewa upesi. Ameweka sufuria ya maharagwe motoni, naye ametoka nje. Binti mkubwa anaonja, anaona hakuna chumvi, anakwenda kuitafuta. Kabla hajarudi, mdogo wake anaonja, naye anaona hakuna chumvi. Mkubwa anatia, mdogo anatia. Chakula kimeharibika. Ukiwauliza mmoja mmoja, kila mmoja alifanya vema: alionja kwanza, ndipo akatia. Kosa halimo ndani ya binti huyu wala yule. Limo katikati yao. Na ukiwaambia kesho wapike tena mbele yako, huenda utakula vizuri, kwa kuwa kesho hawatapishana kwa namna ileile.

Sasa sikia jambo lililotokea kweli. Kampuni ya serikali ya Kanada, Atomic Energy of Canada Limited, ilitengeneza mashini ya kutibu kansa kwa mionzi, jina lake Therac-25. Mashini 11 ziliwekwa katika hospitali za Kanada na Marekani. Ilikuwa na namna mbili za kutibu. Ya kwanza ni elektroni, yenye nguvu ndogo. Ya pili ni eksirei, ambapo mashini hutoa nguvu kubwa sana, lakini kipande cha chuma huwekwa mbele ili kuipokea kabla haijamfikia mgonjwa. Nguvu kubwa bila chuma hicho ni kifo.

Tarehe 21 Machi 1986, katika mji wa Tyler, Texas, mgonjwa mmoja alilala mezani kwa matibabu ya mgongo. Mfanyakazi wa mashini, mwanamke aliyezoea kazi yake, aliandika herufi ya eksirei badala ya herufi ya elektroni. Aliona kosa lake mara moja, akarudi juu, akasahihisha, akaamuru mashini ianze. Haya yote kwa sekunde chache, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vyepesi.

Mashini ikasimama na kuandika: «Kosa namba 54.» Namba hiyo haikumwambia kitu. Mashini ilizoea kusimama hivyo, na watu walizoea kubonyeza kifungo cha kuendelea. Naye akabonyeza. Siku hiyo chombo cha kusikia sauti ya chumbani kilikuwa kimeharibika, na picha ya chumbani ilikuwa haionekani. Hakujua kwamba mgonjwa amepigwa na kitu kama moto, na kwamba alikuwa akiinuka kuomba msaada alipopigwa mara ya pili. Aliyemjulisha ni mgonjwa mwenyewe, alipogonga mlango. Alipaswa kupata kipimo cha rad 180. Makadirio ya baadaye yalisema alipata kati ya rad 16,500 na 25,000. Miezi mitano baadaye alikufa.

Walifanya nini? Mafundi wa kampuni walikuja, wakaijaribu mashini, kosa halikuonekana. Wengine walidhani ni umeme tu umemshtua mgonjwa. Umeme ukapimwa, haukuwa na shida. Tarehe 7 Aprili mashini ikarudi kazini. Tarehe 11 Aprili, mfanyakazi yuleyule, haraka ileile, namba 54 ileile. Mgonjwa wa pili alikufa tarehe 1 Mei 1986.

Ndipo mtaalamu wa mionzi wa hospitali hiyo alipofanya jambo tunalotaka kila mkubwa wa kazi alijue. Alisimamisha mashini. Hakuanza kwa kufungua vyuma. Alikaa pamoja na yule mwanamke, akamwomba akumbuke kila kitu ambacho mikono yake ilifanya: herufi gani kwanza, kifungo gani baadaye, kwa mwendo gani. Walirudia na kurudia mpaka namba 54 ikaonekana, kisha wakaweza kuiita kila walipotaka. Siri ilikuwa mwendo wa vidole. Mashini ilihitaji kama sekunde 8 kupanga sumaku zake. Mtu akibadilisha maandishi na kumaliza ndani ya sekunde hizo, kioo kilionyesha elektroni, lakini ndani mashini ilibaki na nguvu ya eksirei. Mtaalamu alipowaarifu watu wa kampuni, hata wao hawakuweza kuliona kosa hilo mpaka alipowaambia waandike upesi.

Angalia vema, ndugu. Mfanyakazi mpya, anayeandika polepole, hangeliona kosa hilo kamwe. Kosa lilimngojea yule aliyejua kazi. Na fundi anayejaribu mashini kwa utaratibu, huku akiangalia karatasi yake, ndiye mtu wa mwisho wa kuliona.

Kuna jambo jingine, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Kabla ya mashini hii kulikuwa na nyingine, Therac-20, na baadaye iligunduliwa kwamba kosa hilohilo lilikuwamo ndani yake. Katika Chuo Kikuu cha Chicago wanafunzi walipoandika ovyo ovyo, fyuzi zilikatika. Lakini hakuna mtu aliyeumia kwa kosa hilo. Kwa nini? Kwa sababu mashini ya zamani ilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme vilivyofanya kazi bila kuiuliza kompyuta. Katika mashini mpya vingi vya vizuizi hivyo viliachwa. Walisema kompyuta italinda. Fyuzi zile zilizokatika zilikuwa zinaokoa watu, na hakuna aliyejua zinawaokoa na nini.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya.

Kwako fundi: unapoingia ndani ya mashini ya kuponda mawe, funga umeme kwa kadena yako mwenyewe, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Usikubali mtu akuambie kwamba kompyuta inajua kuwa wewe uko ndani. Kompyuta inajua yale iliyoambiwa, na huenda imeambiwa sekunde moja baada ya mwenzako kubonyeza kifungo.

Kwako mwenye kuendesha mashini: ikisimama na kuonyesha namba usiyoielewa, usibonyeze tu ili iendelee. Andika saa, andika namba, andika mikono yako ilifanya nini na kwa mpangilio gani. Usione haya kuandika kwamba ulikosea kwanza ukasahihisha. Yule mwanamke wa Tyler angeogopa kusema hivyo, wangekufa wengine.

Kwako kapita na wewe mkubwa wa kazi: mtu akikuambia ameona kosa, usimwite mwongo kwa kuwa wewe hukuliona. Mwenye kuvaa kiatu ndiye ajuaye mahali kinapobana. Mwite mbele ya mashini, arudie kazi yake kwa mwendo wake wa kila siku, si kwa mwendo wa kukupendeza. Na badala ya «hakuna kosa», andika «kosa halijaonekana bado». Maneno haya mawili si mamoja.

Wengine watatuambia: «Tukisimama kwa kila namba, mawe yatatoka lini?» Ni swali la haki, kwani kila nyumba inakula kwa mawe hayo. Lakini hesabu mwenyewe. Kuandika mistari mitatu katika kitabu ni dakika mbili. Katika Tyler mashini ilirudishwa kazini, na siku nne baadaye mtu mwingine alipigwa. Tena mashini inayosimama kila saa bila sababu haituletei mawe. Inatufundisha tu kubonyeza bila kufikiri.

Nawe mama, baba akirudi nyumbani akikuambia, «Leo mashini ilifanya kitu cha ajabu, lakini imepona», muulize swali moja tu: «Umeandika?»